Siku 12 na Mirija 39: Bendi ya Andes Kutoka Studio ya La Paz Hadi Joto la Santa Cruz

Watu ni saba. Albamu ina nyimbo 11, jumla dakika 41. Njia inaanzia La Paz, mita 3,640 juu ya usawa wa bahari, na kuishia Santa Cruz de la Sierra, mita 416. Mwezi ni Julai, kipupwe kama kwetu, ila kipupwe cha nyanda za juu za Bolivia hakina umande wala mvua: mchana jua linaunguza midomo, usiku maji ya ndooni yanaganda.

Jambo moja la lugha kabla ya kuondoka. Filimbi ya mirija iliyofungwa kwa safu, inayobeba muziki huu, kwa Kiaymara inaitwa siku. Katika simulizi ya siku kwa siku jina hilo litatuvuruga wote, kwa hiyo humu ni zampoña, jina lake la Kihispania, ambalo wapigaji wenyewe wanalitumia bila kinyongo.

Siku ya 1. La Paz: kununua na kupima

Mtaa wa Sagárnaga unapanda kutoka kanisa la San Francisco, na maduka ya ala yamejipanga kushoto na kulia. Nusu ya kilichotundikwa mlangoni ni pambo la watalii: mirija imepakwa rangi, imechongwa mwembamba, na haikai noti hata moja. Zampoña za kazi huagizwa kwa mafundi, na wengi wao asili yao ni Walata Grande, kijiji cha upande wa Ziwa Titicaca ambacho kimeishi kwa kutengeneza ala za kupuliza.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Weka mdomo juu ya mrija, nyonya hewa, uachie. Mrija mzima utaning'inia mdomoni kama chupa. Ukianguka, una ufa au fundo la chini limepasuka, na mrija unaovuja hautoi sauti, unatoa pumzi tu. Pima yote. Kwa bendi hii ni mirija 39: jozi tatu za ukubwa tofauti (toyo, sanka na malta, kila moja ikiwa oktavu moja chini ya inayofuata), na kila jozi ina safu mbili. Safu ya ira ina mirija 6, ya arka ina 7.

Hapo ndipo muziki wote ulipo. Noti za ngazi zimegawanywa kwa zamu: moja iko kwa ira, inayofuata kwa arka. Mpigaji mmoja peke yake hawezi kutoa hata mstari mmoja wa wimbo. Anayeyajua makondere ya Bunyoro, ambako kila baragumu lina noti yake na wimbo unazaliwa katikati ya wapigaji, ataelewa mara moja. Bendi za mjini siku hizi hufunga safu zote mbili pamoja na kumpa mtu mmoja, nayo si dhambi, inarahisisha nyimbo za kasi. Lakini nyimbo nne za albamu hii zinapigwa kwa jozi, na hizo nne ndizo zitakazosumbua njia nzima.

Sababu ni joto. Mrija uliozibwa chini hutoa noti kulingana na urefu wake na mwendo wa sauti hewani, na mwendo huo hubadilika na joto. Mwinuko wenyewe hauna lawama hapa, ingawa utasikia hata wanamuziki wakidai kwamba "hewa nyepesi inashusha sauti". Noti inashushwa na baridi. Kila nyuzijoto moja ni kama senti 3, yaani asilimia tatu ya nusu toni. Kwa noti ya A ya 440, hesabu ya urefu wa mrija ni hii: milimita 190 kwenye nyuzijoto 5, milimita 195 kwenye 20, milimita 198 kwenye 30. Kwa sanka zidisha tofauti hizo mara mbili, kwa toyo mara nne.

Mwanzi ukishakatwa haurefuki. Kwa hiyo zampoña za safari huagizwa zikiwa zimekatwa kwa mji wenye joto kuliko yote njiani, yaani Santa Cruz, kisha kwenye baridi mirija inafupishwa kwa kumwaga punje ndani. Punje za quinoa zinafaa kuliko mahindi au dengu: ni ndogo, zinalala sawasawa, na zinapatikana kila soko. Nusu kilo inatosha mirija yote 39 na kubaki. Zikaangwe kavu kwanza. Quinoa mbichi ikipata mate huota, na kuna zampoña zilizowahi kufunguliwa baada ya wiki zikiwa na bustani ndani.

Siku ya 2. Studio, nyuzi na ngoma

Bomu la kwanza la studio za La Paz ni umeme. Majengo ya zamani bado yana soketi za volti 110 karibu na za 220, wakati mwingine ukuta mmoja, na umbo la tundu halikuambii kitu. Pima kila soketi kabla ya kuchomeka, kisha ibandike lebo.

Kwanza zinarekodiwa ala zinazoweza kufuata kipimo: bombo (ngoma kubwa), gitaa, charango. Mpangilio huu si desturi tu. Gitaa unaweza kulipeleka popote kwa kukaza kitasa, lakini zampoña inakaa pale chumba kilipoiweka. Nyuzi zifungwe kwenye 440, halafu chumba kipashwe mpaka mirija ifike hapo.

Charango ni kigitaa chenye nyuzi 10 katika jozi tano, urefu wa uzi unaolia kama sentimita 37. Mpangilio wa kawaida ni G, C, E, A, E. Jozi ya katikati peke yake ina uzi mmoja wa juu na mwingine oktavu chini. Maikrofoni isielekezwe kwenye tundu. Iweke sentimita 25 hadi 30 mbali, ikitazama pale shingo inapokutana na kiwiliwili, vinginevyo utapata mvumo mtupu na ule mkwaruzo wa kucha, ambao ndio charango yenyewe, utapotea. Kabla ya kila wimbo nyuzi zote 10 zinapimwa tena. Jozi ikipishana senti 5 tu, sikio linasikia mawimbi, na kwenye charango hakuna noti ndefu ya kuyafunika.

Bombo linahitaji maikrofoni mbili: moja kwenye ngozi, moja kwenye ukingo wa mbao, kwa kuwa nusu ya midundo ya cueca, mtindo mmojawapo wa ngoma za huku, hupigwa ukingoni. Cueca ndiyo inayowashinda mafundi waliozoea kurekodi kwa mdundo wa mashine. Tatu za haraka na mbili za polepole zinatembea kwa wakati mmoja, na wapigaji husukuma na kuvuta kati yake. Mashine ikilia masikioni mwao wanachagua upande mmoja, na wimbo unakuwa mchakamchaka. Cueca mbili za albamu zimerekodiwa bila mashine.

Siku ya 3. Studio, zampoña

Chumba kinapashwa hadi nyuzijoto 20 tangu asubuhi, saa mbili kabla ya kazi. Hita ya umeme inavuma, kwa hiyo inazimwa wakati wa kurekodi, na hapo joto linaanza kushuka. Kipimajoto kinafungwa kwenye mguu wa maikrofoni, na namba yake inaandikwa kwenye kila jaribio. Likishuka hadi 18, simamisheni, washeni hita, kunyweni chai. Fundi anayepuuza hili ataunganisha jaribio la 2 na jaribio la 9 na kujiuliza kwa nini kiungo kinasikika kama mlango unaogongana.

Wapigaji sita wanasimama nusu duara, ira kushoto na arka kulia, wakitazamana. Maikrofoni mbili ziko juu ya vichwa, kama mita 1.2 kutoka midomoni, zikielekea chini, ili pumzi ipite chini yake. Toyo, ambayo mrija wake mrefu unazidi mita moja, inapata ya kwake. Usirekodi ira peke yake leo na arka kesho, hata kama mashine inakuruhusu. Mkia wa noti ya mmoja hufunikwa na mwanzo wa noti ya mwenzake. Ukiwatenganisha, kila mmoja anakata noti mapema kwa woga, na katikati panabaki matundu.

Tena, msinyooshe noti kwa programu. Mirija ya kundi haitengenezwi kuwa sawa kabisa. Tofauti ndogo kati ya jozi na jozi ndiyo inayofanya sauti itetemeke na kujaa, na ikinyooshwa kundi la watu sita linageuka kinanda cha bei rahisi. Lipo kosa linalostahili kusahihishwa: mrija mmoja ulio chini kuliko wenzake wote. Dawa yake ni punje tatu au nne za quinoa.

Nyimbo zenyewe, kwa mitindo yake ya ngoma: huayño tatu, tinku mbili, cueca mbili, taquirari moja, bailecito moja, na mbili za ala tupu. Kwa santuri, kila upande unabeba dakika 20 hadi 22 kabla sauti haijaanza kupunguzwa ili mifereji itoshee, na hizi dakika 41 zinagawanyika vizuri. Albamu inafunguliwa na toyo zikianza peke yake kutoka kimya. Studioni uamuzi huo ni mzuri. Jukwaani Oruro, usiku, ni uamuzi wa kujuta, na tutaufikia.

Siku ya 4. La Paz, uzinduzi

Onesho la kwanza ni kwenye peña, ukumbi mdogo wa meza na chakula. Sura hii ya muziki ina kwao hapa hapa Sagárnaga. Katika miaka ya 1960 Peña Naira iliwakusanya Los Jairas, na mpangilio wao wa quena (filimbi ya mrija mmoja), charango, gitaa na bombo ukawa kiolezo cha bendi za Andes duniani kote. Quena alipiga Gilbert Favre, Mswisi. Charango alipiga Ernesto Cavour, ambaye baadaye alianzisha jumba la makumbusho la ala za muziki kwenye mtaa wa Jaén. Mwenye saa moja ya ziada alitumie huko. Ukutani kuna majibu ya maswali mengi ya ufundi.

Ukumbi umejaa, joto ni 19. Hakuna la kuripoti.

Siku ya 5. La Paz hadi Oruro, kilomita 230

Barabara ni pana na imenyooka, saa tatu na nusu hadi nne. Kazi kubwa ni kutoka El Alto, mji ulio juu ya La Paz, na kabla ya hapo, dizeli. Mwaka 2024 na 2025 foleni za vituo vya mafuta zilikuwa sehemu ya ratiba: tangi lijazwe jana yake, wala si asubuhi ya safari. Angalieni pia ramani ya mamlaka ya barabara, ABC, inayoonyesha vizuizi vya waandamanaji. Kizuizi Bolivia hakipitiki kwa maneno matamu, na dereva anayejaribu njia ya vichochoroni huishia kwenye mtaro.

Oruro iko mita 3,735, tambarare, upepo hauna wa kuuzuia. Mji huu una karnivali ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi mwaka 2001, na watazamaji wake wanazijua ngoma za morenada na tinku kuliko bendi nyingi zinazopita. Hawadanganyiki.

Onesho ni la nje. Saa tatu usiku kipimajoto cha jukwaani kinasoma 5. Kutoka 20 za studio, hizo ni senti 46, karibu nusu ya nusu toni, chini. Wakati huo huo nyuzi za nailoni za charango, zilizotoka chumba chenye joto, zinajikaza kwa baridi na kupanda. Ala mbili zinakimbiana pande tofauti, na katikati yuko mwimbaji.

Kinachofanyika ni hiki. Alasiri, mirija yote inaongezewa punje: milimita 5 kwenye A ya malta, 10 kwenye ya sanka, 20 kwenye ya toyo, na mirija mingine kwa uwiano wa urefu wake. Kijiti chembamba chenye alama za milimita kinashushwa ndani kupima. Halafu yote inapunguzwa kidogo, kwa sababu pumzi ya mpigaji hupasha mrija, na baada ya dakika chache za kupuliza sehemu ya hasara inajirudisha yenyewe. Hatari iko kwenye wimbo wa kwanza, na kwenye ala iliyokaa kimya nyimbo tatu. Ndiyo maana toyo haiwezi kufungua onesho Oruro. Zinatangulia nyimbo za charango na quena, na zampoña zinakaa ndani ya poncho pamoja na chupa za maji ya moto mpaka zamu yao ifike. Nyimbo nne za jozi zinapigwa mfululizo ili zisipoe.

Quena ina unafuu. Ni filimbi iliyo wazi pande zote mbili, na mpigaji akigeuza pembe ya mdomo anapata senti 20 hadi 30 za kuchezea. Zile za vipande viwili zinasukumwa kwenye kiungo.

Kosa la usiku huu: zampoña mbili zililazwa ubavu garini kwa dakika kumi. Punje zikahama, zikamwagika. Tangu hapo kila mrija unawekewa kipande kidogo cha nta juu ya punje, na masanduku yanasafiri yamesimama.

Siku ya 6. Oruro hadi Potosí, kilomita 310 hivi

Saa tano njiani, na kupanda hadi mita 4,090 hivi. Hewa hapa ina kama asilimia 60 ya oksijeni ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kabla ya nyuzijoto 87, kwa hiyo chupa za kupashia mirija zinapoa mapema. Beba mara mbili.

Mpigaji wa toyo ndiye wa kuangaliwa. Mrija mrefu unakunywa pumzi nyingi, na kupuliza kwa nguvu mfululizo kunaondoa hewa chafu mwilini haraka kuliko mwili unavyotaka, ndipo kizunguzungu. Potosí sheria ni nyimbo mbili, kisha kubadilishana na mpigaji wa malta. Anayeona nyota asimame, asikaze. Mlo mwepesi, maji mengi, chai ya koka, pombe hapana mpaka kesho. Na mafuta ya midomo: mdomo uliopasuka haufungi mrija, na zampoña haina njia nyingine ya kupigwa.

Jukwaa liko uwanjani, umeme ni wa jenereta. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Jenereta iliyoandikwa kVA 10, hapa ni kama 6. Vikuza sauti navyo vinapoozwa na feni zinazopuliza hewa nyepesi, vinapata moto na kujizima. Kodisha kubwa, washa spika nusu, na taa za jukwaa zipewe mashine yake.

Ukavu unakausha kila kitu. Ngozi ya bombo imekazika hadi inalia kama debe, kamba zinalegezwa vidole viwili. Uso wa charango moja umefanya mfereji mdogo, dalili ya ubao kunywea. Dawa ya njiani ni kibweta cha sabuni kilichotobolewa, ndani sponji iliyokamuliwa vizuri, kinalala na charango kwenye mfuko wake uliofungwa. Sponji inayodondosha maji itabandua gundi, na hapo tatizo dogo limekuwa kubwa.

Siku ya 7. Potosí hadi Sucre, kilomita 160

Saa tatu za kushuka. Sucre ni mita 2,810, joto la jioni 16 ukumbini, na kila mtu anapumua. Punje zinapunguzwa, kamba za bombo zinarudishwa. Onesho bora la safari, na la kuandikwa ni dogo kuliko yote.

Siku ya 8. Aiquile

Kilomita 140 hivi, barabara ikishuka hadi daraja la Río Grande kisha kupanda tena. Aiquile ilibomolewa vibaya na tetemeko la ardhi la Mei 1998, ikajengwa upya. Jina lake linajulikana kwa kitu kimoja: charango. Kuna makumbusho yake na maonesho ya kila mwaka.

Zamani kiwiliwili cha charango kilikuwa gamba la quirquincho, mnyama wa Andes mwenye magamba ambaye Mswahili akimwona atamkumbuka kakakuona. Kama kakakuona, naye sasa analindwa, biashara ya kimataifa ya gamba lake imefungwa, na charango la namna hiyo likifika forodhani linabaki huko. Si hasara kubwa kwa sikio. Gamba linacheza na unyevu, linalegea mvuani na kukakamaa kiangazi, na la mti limelishinda kwa kila kipimo isipokuwa hadithi.

La mti linachongwa kutoka gogo moja, kiwiliwili, shingo na kichwa pamoja. Mti ukatwe ukauke kwanza. Gogo bichi litapasuka mgongoni likipanda Potosí. Fundi anachimba bakuli kwa patasi akigonga kwa kidole kusikiliza unene, kisha anabandika uso wa ubao laini wa karibu milimita 2, wenye viunzi vyembamba ndani. Ukiwa mnene, charango linalia kwa mbali. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, daraja linauvuta na nyuzi zinapanda juu ya shingo ndani ya mwaka. La kwetu lenye mfereji linaachiwa fundi usiku mmoja: uso ulowekwe mvuke, ubanwe, kiunzi kimoja kiongezwe. Nyuzi zinabadilishwa zote 10. Uzi wa E wa juu ndio unaokatika kila safari, karibu kila mara kwenye mfupa wa kichwa, kwa sababu mfereji wake una ncha kali. Msasa laini, dakika mbili, na tatizo limekwisha.

Siku ya 9. Cochabamba

Mita 2,558, hali ya hewa ya kupendeza, nusu siku kwa makaratasi. Nyimbo zote 11 zisajiliwe SOBODAYCOM, chama cha watunzi cha Bolivia, kabla santuri hazijaanza kuuzwa, na za asili ziandikwe kama za asili pamoja na mahali zilipotoka.

Mkoa huu una mfano unaotosha. Ndugu Gonzalo na Ulises Hermosa wa bendi ya Los Kjarkas walitunga "Llorando se fue" mwanzoni mwa miaka ya 1980. Márcia Ferreira akaiimba kwa Kireno mwaka 1986. Mwaka 1989 kundi la Kaoma, Ufaransa, likaitoa kama "Lambada", na dunia nzima ikaicheza kwa akordioni bila kujua kwamba zamani sauti ile ilikuwa ya zampoña. Ndugu wale walidai haki yao na wakatambuliwa, kwa sababu wimbo ulikuwa umesajiliwa kwa jina lao.

Siku ya 10. Cochabamba hadi Santa Cruz, kilomita 470 hivi

Barabara inapanda kwanza, zaidi ya mita 3,000, kisha inaanguka kwenye misitu ya Chapare. Sehemu ya El Sillar ndiyo mbaya: mlima unaporomoka, ukungu unalala barabarani, malori yanasimama. Pita mchana. Saa 10 ni hesabu ya kawaida, 14 si ajabu.

Gari likishuka kutoka baridi kavu kuingia joto bichi, masanduku yasifunguliwe. Ala baridi ikikutana na hewa ya msituni inatoka jasho, na maji yanaingia kwenye nyufa ambazo ukavu wa Potosí umefungua. Saa mbili kivulini, masanduku yamefungwa, ndipo yafunguliwe. Baada ya hapo mirija yote 39 inanyonywa tena. Mitatu inaanguka. Gundi nyembamba inayokauka haraka inatiwa kwenye ufa, kisha uzi wa pamba unazungushwa na kukazwa, na gundi juu yake tena.

Siku ya 11. Santa Cruz

Mpango uko wazi: joto 30, punje zote zitolewe, mirija ifikie urefu wake kamili uliokatiwa, kwa A ya malta milimita 198. Bombo limelegea kama mkate uliolowa, linawambwa upya na kupashwa karibu na jiko la mkaa jikoni, mbali kiasi cha mkono, likigeuzwa kila dakika, kama ngoma yoyote duniani. Saa kumi alasiri majaribio ya sauti yanakwenda sawasawa.

Sisi tuna kusi, wao wana surazo: upepo wa kusini unaopanda tambarare kutoka Argentina wakati wa kipupwe bila breki. Saa kumi na mbili miembe ya uwanjani inapinduka majani. Saa mbili usiku, jukwaani ni nyuzijoto 12. Mirija imeshuka zaidi ya senti 50 kutoka alasiri, punje ziko mfukoni hotelini, na nyimbo za jozi ni nne.

Kijiti cha milimita kipo. Jikoni quinoa haipo, upo mchele. Mchele unafanya kazi kwenye toyo na sanka, ila punje zake ni ndefu na zinaacha mapengo, kwa hiyo noti inakuja na mkwaruzo. Kwenye malta hauingii vizuri. Huko imetumika chumvi ya mawe, na itabidi isafishwe usiku huu huu kabla haijavuta unyevu na kugandia mwanzini. Onesho limeanza na cueca.

Siku ya 12. Uwanja wa ndege wa Viru Viru

Toyo haiingii juu ya kiti cha ndege. Ira na arka zinafunguliwa, zinavingirishwa blanketi, na kuingizwa kwenye bomba la plastiki la maji taka la inchi 6, mita 1.3, lenye vifuniko viwili. Charango zinakwenda mkononi, nyuzi zimelegezwa toni moja. Chajchas, njuga za kwato za mbuzi, zinachemshwa, zinakaushwa na kutangazwa forodhani kwa maandishi. Chile hasa haina mzaha na chochote kilichotoka kwa mnyama au mmea. Mifuko ya makoti inakaguliwa jani kwa jani, koka haipandi ndege.

Na punje zinamwagwa zote, kwa sababu quinoa ni mbegu, na mbegu ndani ya mwanzi ni kosa mara mbili. Kabla ya kumwaga, kila mrija umechorwa nje mistari mitatu ya penseli: Oruro, Sucre, Santa Cruz. Huko mbele zitanunuliwa shanga ndogo za kioo, na zitajazwa mpaka kwenye mstari.